Mwalimu Wamuyu na Darasa Lisilokuwa na Mtihani

Imeandikwa na Mwl. Silas Njeru, Idara ya Kiswahili, kwa niaba ya walimu na wafanyakazi wa Shule ya Upili ya Kirimaini, Manyatta

Leo, Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, Mwalimu Veronicah Wamuyu anastaafu baada ya kufundisha hesabu kwa miaka thelathini na mitano na miezi kumi na mmoja. Rasimu ya kwanza ya maandishi haya ilisema miaka thelathini na sita. Nilimpelekea aisome, kwa heshima zote, nikidhani atafurahi. Iliporudi, ile thelathini na sita ilikuwa imezungushiwa duara kwa penseli, na pembeni ameandika: "Septemba 1990. Hesabu tena." Kuhusu kurasa nne nilizotokwa jasho kuziandika hakusema neno.

Nimeanza na kisa hicho ili wageni wetu wamjue kabla hajasimama kuwapungia mkono. Ni yule mama mfupi mwenye sweta ya kijani, anayetembea kana kwamba ameacha sufuria motoni. Hajawahi kushika kalamu nyekundu. Kazi zote za wanafunzi husahihisha kwa penseli, kwa sababu, anasema, huenda mtoto yuko sahihi na mwalimu ndiye hajaona bado. Katika chumba cha walimu tumemsikia akisema hivyo mara nyingi, na wengi wetu tumeendelea kununua kalamu nyekundu.

Alizaliwa mwaka wa 1966 katika familia ya wakulima wa kahawa, si mbali na hapa. Alipomaliza kidato cha nne, shule ya wasichana aliyosomea ilikuwa na kidato cha tano, lakini cha masomo ya sanaa peke yake. Msichana aliyefanya vizuri hesabu alishauriwa achukue historia na fasihi, ayasahau mambo ya namba. Wamuyu alikwenda ofisini Jumatatu asubuhi kuomba uhamisho. Jumanne akarudi. Wenzake wa wakati huo wanasimulia kwamba alikwenda asubuhi kumi na moja mfululizo, ombi ni lile lile na daftari la hesabu kwapani ni lile lile, mpaka mwalimu mkuu akatia sahihi ili apate kunywa chai yake kwa amani. Akapelekwa shule ya wavulana upande wa Meru, wasichana watatu kati ya wavulana arobaini. Huko ndiko alikoisoma hesabu ya juu ya kidato cha tano na cha sita, ambayo hata leo akiitaja uso wake hubadilika na mtu hupata hamu ya kujua alionjeshwa nini.

Kutoka chuo kikuu alitumwa Timau, akafika Septemba 1990 bila koti la maana. Baridi ya Timau haihitaji maelezo kwa aliyewahi kulala huko. Mfumo wa elimu ulikuwa umebadilika. Kidato cha tano na cha sita vimefutwa, na vitabu vya hesabu ya juu vimerundikwa stoo, ambako mpishi alikuwa akichana kurasa za kuwashia moto wa kupikia githeri. Mwalimu mgeni akaomba katoni mbili. Mkuu wa shule hiyo alikubali papo hapo, akiamini kwamba msichana wa Embu ameshindwa na baridi na anataka kitu cha kuwashia jiko. Wiki mbili baadaye alipita karibu na darasa moja jioni akaona wanafunzi saba wa kidato cha tatu wamezizunguka zile katoni, na ubao umejaa alama ambazo yeye mwenyewe, mtu wa jiografia, hakuzifahamu. Hivyo ndivyo Darasa la Alhamisi lilivyoanza, na Januari 2000 alipohamia Kirimaini alikuja nalo, katoni zikiwa juu ya gari la kubebea kabichi.

Nataka mfahamu jinsi darasa hilo lilivyokuwa jambo la ajabu. Katika nchi yetu, kitu kisichoulizwa kwenye mtihani hakifundishwi. Mtoto akikuta mada mpya huuliza kwanza kama itakuja kwenye karatasi ya pili. Hesabu ya Alhamisi haikuwa kwenye karatasi yoyote. Haikuwa na cheti, haikuongeza alama hata moja, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuiuliza. Ilianza saa kumi na dakika kumi, ikaisha saa kumi na moja na nusu ili watoto wa kutwa wafike nyumbani kabla giza halijaingia. Aliyetaka alikuja. Miaka mingine walikuja ishirini; mwaka mmoja, ninaoukumbuka, walikuja wawili, na aliwafundisha hao wawili muhula mzima kama ukumbi uliojaa.

Darasani kwake kulikuwa na kanuni moja iliyowashangaza wageni. Kwingineko mtoto akiitwa ubaoni akasema "sijui", anarudi kukaa, amejaa aibu, na mwingine anaitwa. Kwa Mwalimu Wamuyu, aliyesema "sijui" ndiye aliyebaki na chaki. Alisimama pale pale, akatakiwa aseme ni wapi hasa alipoacha kujua: ni mstari wa pili au wa tatu? Na kabla ya hapo je, anajua? Wakati mwingine ilichukua dakika ishirini, darasa zima likisubiri bila kucheka, maana kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Mwisho wake mtoto alikuta ameandika jibu kwa mkono wake mwenyewe.

Kanuni hiyo haikuwabagua walimu. Mwaka wa 2011, nikiwa mgeni hapa, niliingia darasani kwake kuazima chaki. Nilitoka baada ya nusu saa. Alinipa chaki, kweli, lakini alinielekeza ubaoni kulikokuwa na swali, na mimi, kwa ujinga wa ujana, nikasema kwa sauti kwamba sijui. Kidato cha tatu walishangilia kana kwamba timu yao imepata penalti. Tangu siku hiyo chaki zangu nanunua mwenyewe pale Manyatta.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niombe kuandika maandishi haya, wakati yalipaswa kuandikwa na mtu wa idara yake. Septemba mwaka jana, tulipokuwa tukijiandaa kupokea Gredi ya Kumi ya kwanza ya sekondari pevu chini ya mtaala mpya, tulikaa kikao cha walimu kuamua masomo tutakayotoa. Hesabu ingekuja kwa namna mbili: ya kila mtu, na ya wanaotaka kwenda mbali nayo. Majina rasmi tuliyaacha kwenye nyaraka. Sisi tuliziita hesabu nyepesi na hesabu nzito. Kwa mara ya kwanza tangu zile katoni za Timau, alichokuwa akikifundisha Alhamisi bila ruhusa ya mtu kingeweza kuingia kwenye ratiba ya shule mchana kweupe. Mngedhani tulimpongeza.

Hatukumpongeza, na sababu yetu iko langoni. Nyote mmeupita ubao ule wa samawati unaoonyesha wastani wa shule mwaka baada ya mwaka. Wazazi husimama pale na vikapu vya majani chai mgongoni, wakiusoma kabla hawajaamua mtoto aende wapi. Hesabu ndiyo hutuangusha kila mwaka. Mwalimu aliyewahi kuulizwa na kinyozi wake, wembe ukiwa shingoni, kwa nini wastani umeshuka, atatuelewa. Tukaona tuchukue hesabu nyepesi tu, wastani upande, na anayetaka nzito aende kwenye shule kubwa za bweni.

Mimi ndiye niliyezungumza kwa urefu siku hiyo. Nilisema watoto wetu ni wa kutwa, wanachuma majani chai kabla ya kuja shule, wanakamua ng'ombe, wanatembea. Nilisema si haki kuwatwika mzigo wa watoto waliolala kwenye mabweni yenye maktaba. Nilisema jambo baya kwa Kiswahili kizuri, nikapigiwa makofi. Kura zilikuwa kumi na tisa dhidi ya tatu. Kumbukumbu za kikao niliziandika mimi kwa mkono wangu, kwa hiyo na radhi naiomba kwa maandishi: Mwalimu, nilikukosea, na niliwakosea watoto ambao hata sikuwa nimewauliza.

Yeye hakubishana. Aliuliza tu kama ubao wa langoni nao utakuja kutafuta kazi kama watoto hawa, kisha akachukua mkoba wake akaenda darasani. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Eunice Kagendo. Keshokutwa pia. Siku ya tano Bi. Kagendo, ambaye ni mkali lakini anapenda kufika nyumbani mapema, alimpa masharti mawili. La kwanza, wapatikane wanafunzi kumi na watano walioomba hesabu nzito kwa hiari yao. La pili, apatikane mwalimu wa kuliendeleza darasa akistaafu Julai, kwa sababu shule haiwezi kuanzisha kitu kikafa katikati ya mwaka na watoto wakabaki mikononi mwa hewa. Likikosekana moja kati ya hayo, ifikapo mwisho wa Julai wanafunzi wote watahamishiwa hesabu nyepesi na mambo yaishe.

Alikuwa amebakiza miezi kumi kazini. Wengine, wakibakiza miezi kumi, huanza kuhesabu mabati ya nyumba ya kustaafia. Yeye alianza kupanda na kushuka vilima vya Manyatta, Jumamosi baada ya Jumamosi, akiuliza nyumba kwa nyumba ni wapi kuna mtoto wa Gredi ya Tisa anayependa hesabu. Aliingia mashambani, akaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, akala viazi vitamu vya watu. Mbwa mmoja alimrarua ukingo wa sketi. Aliushona, akairudia nyumba hiyo hiyo wiki iliyofuata.

Katika nyumba moja alimkuta Ednah. Ni msichana aliyelelewa na nyanya yake, Bi. Ruguru, na shamba lao la chai ni dogo, mashina machache tu chini ya msitu. Ednah alikuwa amejaza daftari zima maswali aliyojitungia mwenyewe, kwa sababu ya kitabu alikuwa ameyamaliza. Shule ya bweni hangeweza kwenda, hata angeitwa: nyanya yake ana magonjwa ya miguu na hapakuwa na mtu mwingine wa kuchuma majani wala kuchota maji. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Hesabu nzito ingefundishwa Kirimaini, au Ednah hangeisoma popote.

Novemba tuliita mkutano wa wazazi. Ukumbi ulijaa, na Mwalimu Wamuyu alieleza mpango wake kwa dakika saba. Kisha Bi. Ruguru akasimama, akijishikilia kwenye kiti cha mbele. "Mwalimu, mimi sina ubaya na hesabu," alisema. "Huyu mtoto anaipenda, naona hata akipika anaandika na mkaa kwa ukuta. Lakini niambie kitu moja tu. Hiyo hesabu itampeleka wapi? Nipatie jina ya hiyo kazi, nikienda nyumbani nikae nikiijua." Ukumbi uliitikia kwa mguno wa kumuunga mkono. Lilikuwa swali la haki, na mimi niliyepiga kura ya kupinga nilijisikia kama ninayeshinda tena.

Mwalimu Wamuyu hakulijibu mwenyewe. Alikuwa amewaalika watatu kati ya wanafunzi wake wa zamani, na akawaomba wamjibu Bi. Ruguru, si ukumbi. Mugendi, aliyekuwa mmoja wa wale saba wa kwanza wa Timau, leo hupanga mabomba ya kunyunyizia maji katika shamba kubwa la maua kule kule. Alisimama, kofia mkononi, akasema: "Shosho, maji inatoka mtoni na nguvu, ikifika mwisho wa paipu imechoka. Maua ya mwisho ikikauka, mimi ndio naulizwa. Hiyo kuchoka kwa maji ndio hesabu ya Madam." Baada yake akaja Karimi, aliyesomea hapa Kirimaini na sasa anafanya kazi Nairobi na watafiti wa dawa. Alieleza kwamba dawa mpya ikijaribiwa na wagonjwa wakapona, yeye ndiye wa kusema kama ni dawa iliyowaponya au wangepona tu. Bi. Ruguru aliitazama miguu yake, akauliza kama kuna dawa za miguu katika hizo. Karimi akasema zipo zinazojaribiwa, na hatadanganya kuhusu matokeo.

Wa tatu alikuwa Mutembei, mfupi, mnene, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Makutano, Meru. Nilijiuliza amealikwa kwa nini. Naye ni kama alijiuliza vivyo hivyo, maana alianza kwa kucheka. "Mimi wazazi nauza misumari na mabati," alisema. "Hiyo hesabu yenyewe situmii, nisiwadanganye. Ya dukani ni ya kuongeza na kutoa, na simu inafanya. Lakini tangu nitoke kwa hiyo darasa, hakuna mtu amewahi kuniambia kitu ni ngumu nikamwamini." Akaketi. Kisha Bi. Ruguru akasema, kwa sauti ya mtu aliyefunga hesabu zake, kwamba jina la kazi hajalipata lakini mtoto ataingia.

Januari walijiandikisha kumi na tisa. Wiki ya tatu walikuwa kumi na watano, kwa sababu hesabu nzito ni nzito na hatukuwadanganya. Wiki ya tano mmoja alihamia Kirinyaga na wazazi wake, wakabaki kumi na wanne. Bi. Kagendo, ambaye huhesabu hata viti vya gwaride, wiki hiyo hakuhesabu. Tunamshukuru hadharani kwa usahaulifu huo.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi. Mwalimu mwingine wa hesabu tuliye naye ni Ireri, kijana mwenye miaka mitatu kazini, anayependwa na watoto na anayetufungia mabao dhidi ya shule jirani. Shahada anayo. Lakini alipoombwa kulichukua darasa, alisema ukweli wake mbele yetu sote wakati wa chai ya saa nne. "Madam, hiyo kitu mimi chuo nilipita na kukariri. Nikiulizwa swali moja tu na mtoto, naanguka." Wengi wetu tuliangalia vikombe vyetu. Ni vigumu kwa mwalimu kutamka maneno hayo, na kila aliyekuwapo alikuwa na somo lake ambalo angeweza kulitamkia hivyo hivyo. Mwalimu Wamuyu alimsogezea Ireri kiti, akamwambia waanze na hilo swali moja.

Wakakubaliana hivi. Ireri angefundisha, tangu kipindi cha kwanza, na Darasa la Alhamisi jioni pia. Mwalimu Wamuyu angeketi dawati la nyuma kabisa, na daftari la kurasa tisini na sita kama mwanafunzi, na hangefungua mdomo darasani hata mbingu zianguke. Baada ya kipindi wangekaa pamoja chumba cha walimu, meza iliyo karibu na yangu, na kupitia alichoandika kwa penseli. Mimi niliona kila jioni. Februari Ireri alikuwa akitoka pale uso umemsawijika. Machi alipungua mpaka jezi ya mpira ikamlegea. Mara mbili alimwambia kwamba ameshindwa, na mara zote mbili aliulizwa kwa upole ameshindwa kuanzia mstari wa ngapi. Aprili, likizoni, alikuwa akija shuleni peke yake na kuandika ubao mzima, akafuta, akaandika tena.

Siku niliyosimuliwa na Ireri mwenyewe ilikuwa ya Juni. Alikuwa akiwaonyesha namna ya kuthibitisha kanuni inayohusu namba zote, bila kuzijaribu moja moja maana haziishi. Unaonyesha kwamba kanuni ikiwa kweli kwa namba fulani, lazima iwe kweli kwa ile inayofuata. Aliionyesha vizuri, kwa mwandiko safi, akapiga mstari chini. Ednah akainua mkono. "Mwalimu, na kama hata ile ya kwanza kabisa si ya ukweli? Si basi zote zinafuatana tu kwa uongo?" Ireri aliutazama ubao. Hatua ya kuijaribu namba ya kwanza alikuwa ameiruka, kwa sababu chuoni aliikariri bila kujua kazi yake. Watoto kumi na wanne walikuwa wakimtazama. Aligeuza macho kwenye dawati la nyuma, na Mwalimu Wamuyu alikuwa ameinama akichonga penseli, hamtazami mtu.

Ireri akasema, "Sijui." Halafu hakuweka chaki chini. Aliuliza darasa ni mstari gani wa mwisho ambao wote wanaukubali, akaanza pale. Iliwachukua kipindi kizima na sehemu ya mapumziko. Walitunga wenyewe kanuni ya uongo, wakaona inavyoweza kutembea hatua kwa hatua ikiwa haina mwanzo, na walipoelewa kazi ya ile namba ya kwanza, kelele zao zilinifikia mimi nikifundisha ushairi vyumba vitatu kutoka pale. Jioni hiyo Mwalimu Wamuyu alimsogezea Ireri lile daftari la kurasa tisini na sita. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa mtupu.

Jumatatu ya tarehe 20 mwezi huu Ireri alikwenda ofisini kwa Bi. Kagendo bila kuitwa. Alisema ana mambo mengi asiyoyajua bado, na kwamba darasa analichukua.

Aya hii ninaiandika Alhamisi jioni, na mpigachapa ananisubiri. Leo ilikuwa Alhamisi yake ya mwisho. Wanafunzi walikuwa wamemwandalia kadi na soda, na ilipangwa kwamba atapita saa kumi na moja kuwaaga. Nilimsindikiza. Tulipofika, mlango ulikuwa nusu wazi. Ednah alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akimbishia Ireri kwa adabu na kwa ukali pamoja. Wengine wawili wamesimama upande wake, mmoja upande wa mwalimu, na waliobaki wanaandika mbio. Soda zilikuwa dirishani, hazijafunguliwa. Hakuna aliyetuona. Mwalimu Wamuyu alisimama pale kwa muda wa kama dakika moja, mkoba mkononi. Nikainua mkono nibishe hodi, akaushika.

"Waache," akaniambia. "Hawajamaliza swali."

Akageuka, akashuka ngazi, akaenda zake nyumbani kabla ya saa kumi na moja na nusu. Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akiondoka mapema siku ya Alhamisi. Mimi nilibaki mlangoni, mtu mzima, machozi yananitoka, na wala sijui swali lenyewe lilihusu nini.

Mwalimu Wamuyu, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemwacha na chaki mkononi. Tunakushukuru kwa kutukatalia sisi kumi na tisa. Tunakuombea afya, shamba lenye mvua ya kutosha, na asubuhi ndefu za kulala ambazo hukuwahi kujipa. Maisha yako ya mbele yawe mema. Kuhusu huku usiwe na wasiwasi: muhula ujao, Alhamisi ya kwanza, saa kumi na dakika kumi, darasa lina mwalimu.